Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Maoni Juu ya Kufundisha Kifua Kikuu Shuleni

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa jinsi mwili unavyojikinga na maradhi, aghalabu hujibu kwa mfano wa vita. Chembe nyeupe za damu, atasema, ni askari. Bakteria ni maadui. Askari humzingira adui, humla, na vita vikaisha. Jibu hilo hupata alama zake zote katika mtihani, na wala si uongo. Lakini ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo inayoeleza kwa nini kifua kikuu kimekuwa pamoja na binadamu kwa maelfu ya miaka bila kushindwa, na kwa nini mgonjwa wake hulazimika kunywa dawa kwa miezi mingi baada ya kikohozi kutulia. Katika ugonjwa huu adui humezwa kweli na askari, kisha hufanya makao ndani ya tumbo lake. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba nusu hiyo ya pili yafaa ifundishwe katika kila darasa la biolojia, tena kwa lugha ambayo mwanafunzi ataweza kuipeleka nyumbani.

Mambo mawili ya mwaka 1882

Nusu hizo mbili za habari zilianza kujulikana katika mwaka mmoja. Tarehe 24 Machi 1882 daktari Robert Koch aliwaeleza wataalamu wenzake mjini Berlin kwamba amekigundua kiini cha kifua kikuu, nacho ni bakteria mwembamba mfano wa kijiti, ambaye leo huitwa Mycobacterium tuberculosis. Mwaka huohuo, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanazuolojia Ilya Metchnikoff alichoma miiba midogo katika miili ya viti vya pweza wachanga, ambao ni angavu kama kioo, kisha akawatazama kwa hadubini. Kesho yake aliona seli zinazotembea zimeuzingira mwiba kila upande. Kutokana na hayo alitoa rai kwamba seli za namna hiyo ndizo zinazomeza vijidudu viingiavyo mwilini. Koch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, na Metchnikoff akaipata mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Katika mafundisho yetu habari hizi mbili kwa kawaida hukaa mbalimbali. Bakteria wa Koch huwekwa katika sura ya magonjwa. Seli za Metchnikoff huwekwa katika sura ya damu. Mwanafunzi huzisoma, huzikariri, wala haambiwi kwamba ndani ya pafu la mtu hukutana kila siku, na kwamba matokeo ya kukutana kwao si yale ambayo mfano wa askari ungetufanya tuyatarajie.

Kumezwa si kufa

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu akikohoa hutoa matone madogo mno yanayoelea hewani. Aliye karibu huyavuta, na yale madogo kupita yote hufika hadi katika vifuko vya hewa vya mapafu. Huko hukutana na seli kubwa ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kufagia: humeza vumbi, mabaki ya seli zilizokufa, na bakteria. Makrofaji haina mdomo. Inapomgusa bakteria, utando wake humzunguka pande zote na kufunga, naye hujikuta ndani ya kifuko kilichomeguka kutoka katika utando huohuo. Kifuko hicho huitwa fagosomu.

Mwanzoni kifuko hicho hakina cha kumdhuru aliyemo. Hupata silaha hatua kwa hatua, kwa kuungana na vifuko vingine vilivyomo ndani ya seli, na mwishowe huungana na vifuko viitwavyo lisosomu, vilivyojaa vimeng'enya vya kusagia. Pampu zilizo katika utando wake huingiza ioni za haidrojeni mpaka pH hushuka chini ya 5. Asidi hiyo, pamoja na vimeng'enya na sumu zitokanazo na oksijeni, huwasaga bakteria walio wengi. Kwa hiyo kuna matendo mawili tofauti, kumeza na kusaga, na baina yake ipo nafasi. Katika nafasi hiyo ndimo kifua kikuu kinamoishi.

Yafaa tumlinganishe bakteria huyu na mwenzake wa nimonia, yaani pneumokoka. Pneumokoka hujifunika kwa gamba laini la sukari linalofanya iwe vigumu kwa seli kumkamata. Njia yake ya kuokoka ni kutomezwa. Bakteria wa kifua kikuu yeye haepuki kumezwa. Akiisha kuwa ndani, ndipo kazi yake inapoanza.

Mwaka 1971 watafiti wawili wa London, J. A. Armstrong na P. D'Arcy Hart, walilionyesha jambo hili kwa jaribio ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulifahamu. Walizijaza lisosomu za makrofaji za panya kwa ferritini, ambayo ni protini yenye madini ya chuma inayoonekana wazi katika hadubini ya elektroni. Kisha wakaziachia seli hizo zimeze bakteria wa kifua kikuu. Mahali popote ambapo kifuko chenye bakteria kimeungana na lisosomu, ferritini ingeonekana imemwagikia ndani. Wakaona kwamba vifuko vingi vyenye bakteria walio hai havikuwa na ferritini, bali vile vyenye bakteria waliokwisha kuharibika vilikuwa nayo. Maana yake ni kwamba seli haikukosa uwezo wa kusaga. Ilizuiwa, na aliyeizuia ni bakteria mwenyewe akiwa hai.

Tangu wakati huo mengi yamefahamika. Bakteria huyu hutoa vimeng'enya vinavyofuta alama fulani za mafuta katika utando wa kifuko, alama ambazo seli huzitumia kutambua kifuko kipi kiunganishwe na kipi. Kifuko kisicho na alama hubaki kama kilivyokuwa mwanzo: pampu za asidi ni chache, na pH yake hukaa karibu na 6.2. Humo bakteria hupata hata madini ya chuma yaliyokusudiwa kwa matumizi ya seli yenyewe. Baadaye anaweza kutoboa utando wa kifuko na kuvuka hadi ndani ya seli, na hatimaye seli hufa na wengi hutawanyika. Isitoshe, ukuta wake una mafuta mazito mfano wa nta, ambayo humkinga na mengi. Nta hiyo ndiyo inayomfanya mtaalamu wa maabara apashe moto rangi nyekundu ili imwingie bakteria aliye katika makohozi, na ikiisha kumwingia, asidi haiwezi kuiondoa. Kumbe kipimo kile cha makohozi kinachofanywa katika zahanati zetu kinategemea vazi lilelile linalomsaidia bakteria kuishi.

Nieleweke vizuri: bakteria hana akili wala hila. Nikisema anazuia au anatoboa, natumia lugha ya mkato tu. Yaliyopo ni uteuzi wa asili uliofanya kazi kwa muda mrefu katika mapafu ya wahenga wetu.

Chanjo, kinga na UKIMWI

Wanafunzi wengi wana kovu dogo la chanjo ya BCG waliyochanjwa walipokuwa wachanga. Kovu hilo nalo ni sehemu ya habari hii. Albert Calmette na Camille Guérin, huko Lille nchini Ufaransa, walimkuza bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe katika maabara, wakimhamisha toka chombo hadi chombo kwa miaka 13, mpaka akapoteza ukali wake. Chanjo hiyo ilitumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Ilichukua miongo mingi kufahamu ni nini hasa kilichopotea. Leo twajua kuwa miongoni mwa vilivyopotea ni jeni za chombo ambacho bakteria hutumia kutoboa utando wa kifuko. Bakteria wa BCG humezwa kama jamaa yake, lakini hana uwezo ule wa kutoka.

Makrofaji, hata hivyo, haiko peke yake. Aina nyingine ya seli za kinga, ziitwazo seli T, huweza kuitambua makrofaji iliyoambukizwa na kuitolea kemikali ya kuiamsha, ndipo baadhi ya vifuko vilivyokwama huendelea na safari yake hadi kwenye lisosomu. Seli nyingi hukusanyika na kufanya kinundu kinachomzunguka bakteria. Zamani kinundu hiki kilidhaniwa kuwa gereza tupu. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa samaki wadogo na kuchapishwa mwaka 2009, kwa kutumia bakteria aliye jamaa wa yule wa kifua kikuu, ulionyesha kwamba mwanzoni kinundu huwa pia mlango: makrofaji mpya zinazokuja kusaidia humeza mabaki ya zile zilizokufa, na pamoja na mabaki hayo humeza bakteria.

Hapo ndipo tunapofahamu takwimu ambazo bila hayo zingetushangaza. Robo hivi ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria huyu, lakini ni watu 5 hadi 10 tu katika kila 100 wa hao ambao wataugua katika maisha yao. Waliosalia wamemzuia, na baadhi yao huenda wamemmaliza kabisa. Virusi vya UKIMWI huziharibu hasa zile seli T zinazoiamsha makrofaji. Kwa hiyo mtu mwenye virusi asiyepata tiba yumo katika hatari iliyo kubwa mno. Mwalimu anayefundisha magonjwa haya mawili katika vipindi viwili visivyohusiana anauacha uzi unaoyaunganisha.

Kwa nini miezi sita

Sasa nafika katika jambo linalonifanya niandike. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na milioni 1.25 walikufa. Ugonjwa huu una dawa, na dawa hizo zinajulikana. Mgonjwa anayeanza kuzinywa huona nafuu baada ya wiki chache: homa huisha, hamu ya chakula hurudi, kikohozi hupungua. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa hapo ndipo akili ya kawaida inapomwambia kuwa amepona.

Isoniazidi, iliyoanza kutumika mwaka 1952, humzuia bakteria kujenga ukuta wake wa nta. Ni dawa kali kwa bakteria anayekua na kujigawa. Lakini bakteria aliyejificha ndani ya seli, au katika kinundu kisicho na hewa ya kutosha, huweza kukaa bila kukua. Na asiyejenga ukuta hadhuriki sana na dawa inayozuia ujenzi. Rifampisini huweza kumpata anapoamka hata kwa muda mfupi. Pirazinamidi nayo hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye asidi, kama vile katika baadhi ya vifuko vya seli na ndani ya uvimbe. Kila dawa ina kundi lake la bakteria, na kundi la mwisho, la wale waliolala, huisha polepole.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana hapa kwetu. Hadi mwanzo wa miaka ya 1970, tiba ya kawaida katika Afrika Mashariki ilichukua miezi 18. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, likishirikiana na hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, liliwagawa wagonjwa katika makundi na kuwapa baadhi yao tiba ya miezi 6 tu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Wote waliopewa tiba hiyo fupi walitumia streptomisini na isoniazidi. Kundi moja liliongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, jingine thiasetazoni, na jingine halikuongezewa kitu. Tiba ilipokwisha, makohozi ya walio wengi katika makundi yote yalikuwa safi. Kwa macho ya mtu wa kawaida, na hata kwa hadubini, walikuwa wamepona sawasawa. Lakini katika miezi iliyofuata ugonjwa uliwarudia zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wa yale makundi mawili yaliyokosa rifampisini na pirazinamidi. Katika makundi yaliyozipata, waliorudiwa hawakufika mmoja katika kila kumi.

Naomba walimu walitafakari jaribio hilo. Makohozi safi hayakuwa sawa na mwili safi. Bakteria waliowarudia wagonjwa wale walikuwa wamekaa wakati wote mahali ambapo dawa za kundi lao hazikuwafika au hazikuwadhuru. Tiba ya miezi sita inayotumika duniani ilijengwa juu ya kazi ile, na mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977, chini ya ushauri wa daktari Karel Styblo, ulikuja kuwa mfano kwa nchi nyingine. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali pia tiba ya miezi minne kwa baadhi ya wagonjwa, kwa kutumia dawa nyingine. Hata minne, hata hivyo, ni mirefu kuliko subira ya mtu anayejiona mzima. Na anayeacha njiani, hasa akiwa ametumia dawa kwa kurukaruka, huwaachia nafasi bakteria wachache wenye usugu waongezeke, kisha akawaambukiza jamaa zake ugonjwa ulio mgumu zaidi kutibu.

Majibu kwa wenye shaka

Najua yatasemwa mambo matatu. La kwanza ni kwamba muhtasari wa masomo umekwisha kujaa. Ni kweli. Lakini siombi sura mpya. Naomba vipindi viwili vilivyopo, cha damu na cha magonjwa, viunganishwe kwa mchoro mmoja wa makrofaji yenye vifuko vitatu: kile chenye bakteria, lisosomu, na kile kinachotokea viwili hivyo vinapoungana. Mwanafunzi auchore, kisha afute mshale unaoviunganisha. Somo zima limo katika mshale ule.

La pili ni kwamba mambo haya ni magumu. Sikubaliani nalo. Wanafunzi wanaoingia chuo kikuu mwaka wa kwanza huyafahamu kwa dakika chache, na wengi hushangaa kwamba hawakuambiwa mapema. Hata hesabu yake ni nyepesi. Bakteria wa kawaida wa tumboni, akiwa katika hali nzuri ya maabara, hujigawa kila baada ya dakika 20. Wa kifua kikuu huchukua saa 20 hivi. Kila mwanafunzi na ahesabu mwenyewe: katika siku moja wa kwanza aweza kujigawa mara 72, wa pili mara moja na kidogo. Akiisha kupata jibu, hatauliza tena kwa nini ugonjwa huu huja polepole na kuondoka polepole.

La tatu lina uzito zaidi. Husemwa kwamba watu hawaachi dawa kwa kukosa elimu ya vifuko na vimeng'enya, bali kwa umbali wa zahanati, nauli, njaa, na aibu. Naliafiki kwa sehemu kubwa, na elimu haitalipa nauli ya mtu. Lakini mgonjwa anayejitahidi kupambana na hayo yote anastahili kujua anajitahidi kwa ajili ya nini. Agizo lisilo na sababu ndilo la kwanza kuachwa shida inapozidi. Na kuhusu aibu, anayejua kwamba mgonjwa aliye katika tiba inayomfaa hupungua upesi uwezo wake wa kuambukiza hana haja ya kumtengea sahani mzazi wake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sijui msemo unaolifaa somo hili kuliko huo. Kijana wa kidato cha pili anayeufahamu kwa maana hii ya sayansi aweza kumwambia babu yake aliyekwisha kunywa dawa kwa miezi miwili na kunenepa: "Babu, wale wa nje wamekufa, lakini walio ndani ya seli zako bado. Dawa ya leo ni ya hao." Maneno hayo hayahitaji maabara wala vitabu vya bei kubwa. Yanahitaji mwalimu aliyeongeza nusu ya pili ya habari.

Napendekeza basi kwamba wale wanaotunga mitihani waliache lile swali la kuorodhesha kazi za chembe nyeupe za damu, na mahali pake waweke hili: makrofaji imemmeza bakteria wa kifua kikuu, je, mtu huyo ameokoka? Toa sababu. Atakayelijibu vizuri atakuwa amejifunza biolojia, na huenda siku moja akamsaidia mtu wa nyumbani kwao kumaliza dozi.